Resori "ngumu" ni ipi? Jinsi ya kuchagua resori za gari la barabarani na la mbio za dragi

0. Utangulizi

Kivumishi "-gumu" kinafanya kazi nyingi mno katika Kiswahili chetu. Mtihani ni mgumu, mkate wa juzi ni mgumu, chuma ni kigumu, moyo wa mtu ni mgumu, na fundi wa garaji naye atakuambia kwamba resori ya gari ni ngumu. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna anayepotea. Lakini siku mtu anapotoa pesa zake kununua resori nne, neno hilo moja linaweza kumpeleka mbali na kile anachotafuta, kwa maana ndani yake yamejificha mambo matatu ambayo katika chuma hayafanani kabisa.

Nimelichunguza jambo hili kwa sababu ya yaya wangu anayeishi Ohio, Marekani. Ana Ford Mustang ya mwaka 1990 yenye injini ya silinda nane. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa gari hilo humpeleka kazini na kuwapeleka binti zake wawili shuleni. Jumamosi mojamoja za kiangazi hulipeleka kwenye mbio. Resori zake zilikuwa zimechoka, na ilibidi azibadilishe. Muuzaji mmoja alimshauri achukue "laini kabisa" kwa mbele, mwenzake wa kazini akamwambia achukue "ngumu". Yaya anaelewa Kiswahili na Kifaransa vizuri zaidi kuliko Kiingereza, kwa hiyo alinitumia picha za kurasa za katalogi na ombi fupi: "Mdogo wangu, weye unasoma lugha, nifasirie hivi vitu kabla sijatuma pesa."

Makala haya yanatokana na kazi hiyo. Yanaeleza resori inafanya nini, kwa nini mbio na barabara zinaidai mambo yanayopingana, na kwa nini anayechagua anahitaji maneno matatu pale ambapo tumezoea moja. Kuhusu istilahi, nitasema "resori" na "amortiseri" kama tunavyosema kwetu, kutokana na Kifaransa. Msomaji aliyezoea Kiswahili cha Dar es Salaam aelewe "springi" na "shokomzoba".

1. Mbio za dragi

Mbio za dragi ni mchezo wa Marekani. Zilikua baada ya Vita Vikuu vya Pili, hasa California, ambako vijana walishindanisha magari yao kwenye maziwa yaliyokauka, kwenye viwanja vya ndege visivyotumika tena na, kwa hatari kubwa, kwenye barabara za umma. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha NHRA ili kuutoa mchezo huo barabarani na kuupa kanuni.

Kanuni ya msingi ni fupi. Magari mawili husimama bega kwa bega, taa zinawaka, yanaondoka, na lililotangulia kufika ndilo lililoshinda. Umbali wa desturi ni robo maili, yaani mita 402. Hakuna kona. Gari linaanza likiwa limesimama kabisa, kwa hiyo sehemu kubwa ya ushindi huamuliwa katika mita 18 za kwanza, ambazo Wamarekani huzipima peke yake kama futi 60. Hapo nguvu ya injini si tatizo. Tatizo ni tairi za nyuma kuishika ardhi. Gari lenye injini ya kutisha na tairi zinazoteleza hutoa moshi tu, huku jirani yake akienda zake.

Ili tairi ishike ardhi, inahitaji kubanwa na uzito. Ndiyo maana wanaoshiriki mbio hizi huzungumzia resori kabla ya mambo mengine mengi. Wanataka gari linapoondoka liinue pua na kukalia magurudumu ya nyuma.

Wazo hilo si jipya. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wahandisi vijana wa kampuni ya Chrysler huko Michigan, waliojiita Ramchargers, walichukua Plymouth ya mwaka 1949 na kuinyanyua juu sana ya magurudumu yake, hata ikafanana na gari lililopanda kwenye viti. Waliocheka walicheka, lakini gari hilo lilikuwa na hesabu nzuri nyuma yake, kama tutakavyoona katika sehemu ya tano.

2. Kazi ya resori

Resori ya kujiviringa ni waya mnene wa chuma uliosokotwa. Ukiikandamiza hurudisha nguvu, na ukiongeza nguvu mara mbili, hufupika mara mbili. Sheria hiyo inaitwa sheria ya Hooke, kwa jina la mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke. Wanafunzi wa lugha watapenda kujua kwamba mwaka 1676 Hooke aliitangaza kwa fumbo: alichukua herufi za sentensi yake ya Kilatini, akazipanga kwa utaratibu wa alfabeti ili asiibiwe wazo, na hadi mwaka 1678 ndipo alipolifumbua. Maana yake ni kwamba nguvu ya resori huenda sambamba na kunyumbuka kwake.

Kutokana na sheria hiyo tunapata namba inayoandikwa katika kila katalogi: resori inahitaji kilo ngapi ili ifupike milimita moja. Wamarekani huiandika kwa pauni kwa inchi. Atakaye kilo kwa milimita agawe namba yao kwa 56. Resori ya pauni 500 ni karibu kilo 9 kwa milimita.

Namba hiyo inatokana na nini? Watu wengi hujibu: "Na ubora wa chuma." Sivyo. Vyuma vinavyotumika kutengenezea resori hukinza kusokotwa kwa kiasi kinachokaribiana sana, kiwe cha bei ya juu au cha bei ya chini. Kinachoamua ni umbo. Kwanza ni unene wa waya, na huo una nguvu ya ajabu, kwa maana unahesabiwa kwa kuzidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 15 badala ya 14 huifanya resori ikinze zaidi kwa karibu asilimia 32, ingawa kwa jicho huwezi kuona tofauti. Pili ni upana wa duara: duara likipanuka, resori inalegea. Tatu ni idadi ya mizunguko inayofanya kazi: mizunguko mingi hulegeza, michache hukaza. Ukikata mzunguko mmoja kati ya minane, umeifupisha resori na papo hapo umeikaza kwa asilimia 14.

Sasa, ubora wa chuma una faida gani? Chuma kilichopashwa moto na kupozwa vizuri kiwandani huvumilia kukandamizwa sana bila kubaki kimepinda. Hiyo ni sifa nyingine kabisa, na ndipo neno letu linapoanza kutuchanganya.

3. Maneno matatu badala ya moja

Kifaransa hutenganisha "dureté" na "raideur". La kwanza ni la chuma chenyewe: kinakwaruzika au hakikwaruziki, kinabaki kimepinda au kinarudi. La pili ni la kitu kilichotengenezwa: kinanyumbuka kwa kiasi gani chini ya mzigo. Kwa Kiswahili tunaviita vyote "ugumu". Nilipomfasiria yaya, nililiacha "ugumu" kwa chuma, na kwa namba ya katalogi nikatumia "ukakamavu", kutoka "kukakamaa". Mkono uliokakamaa haujawa wa chuma. Umekataa tu kukunjika. Nadhani neno hilo linafaa hata nje ya garaji.

Jambo la tatu ni urefu. Kuna urefu wa resori ikiwa mezani bila mzigo, na kuna urefu wake ikiwa ndani ya gari imebeba. Niliuita wa kwanza "urefu wa mezani". Huo hauhusiani na ukakamavu. Resori mbili zinaweza kuwa na namba moja ya pauni kwa inchi na zikapishana urefu kwa vidole vitatu.

Faida ya utenganisho huu inaonekana mara moja katika mifano mitatu.

Wa kwanza ni resori iliyochoka. Gari la zamani limeshuka upande mmoja, na watu husema resori "imelegea". Kwa kweli unene wa waya haujabadilika, duara halijabadilika, mizunguko ni ileile. Basi ukakamavu wake ni uleule. Kilichopungua ni urefu wa mezani, kwa sababu chuma kimekubali kupinda moja kwa moja baada ya miaka ya mzigo. Anayeibadilisha kwa resori "ngumu zaidi" anatibu ugonjwa ambao gari halina.

Wa pili ni moto. Kuna watu wanaoishusha gari kwa kuipasha resori moto wa kuchomelea. Resori hushuka, lakini wameharibu ugumu wa chuma, yaani uwezo wake wa kurudi. Ukakamavu unabaki karibu uleule, ila resori itaendelea kushuka kidogo kidogo, na siku moja inaweza kuvunjika.

Wa tatu ni gari la mizigo la kwetu. Dereva anayeongeza bamba moja kwenye resori za mabamba ili abebe magunia zaidi ameongeza ukakamavu. Ndiyo maana gari lake likiwa tupu hurukaruka kwenye mashimo: resori inangoja mzigo ambao haupo.

4. Resori si gurudumu

Katalogi inatoa namba ya resori, lakini dereva hukaa juu ya magurudumu. Kati ya hivyo viwili kuna mkono wa chuma unaofanya kazi ya wenzo. Kila mtu anajua kwamba kusukuma mlango karibu na bawaba ni kazi kubwa kuliko kuusukuma karibu na kitasa. Resori iliyowekwa katikati ya mkono iko upande wa bawaba: gurudumu likipanda sentimita mbili, resori inafupika sentimita moja tu, na nguvu yake ikifika kwenye gurudumu imegawanyika kwa mbili. Hasara hiyo huhesabiwa mara mbili, ya mwendo na ya nguvu. Kwa hiyo nusu huwa robo.

Mustang ya miaka 1979 hadi 1993 inafaa sana kuonyesha jambo hili. Mbele, resori imekaa katikati ya mkono wa chini, na wenzo wake ni takriban nusu. Nyuma kuna mhimili mmoja mzima ulioshikwa na mikono minne, na wenzo wa resori ni takriban saba kwa kumi, ambao ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe ni karibu nusu. Sasa chukua resori ya mbele ya pauni 500 na ya nyuma ya pauni 250. Ukisoma katalogi utasema mbele ni ngumu mara mbili ya nyuma. Ukifika kwenye magurudumu, mbele unapata pauni 125 kwa inchi na nyuma karibu 122. Ni sawasawa.

Kwa sababu hiyo namba ya resori haiwezi kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine. Mtu akikuambia, "Mimi natumia 300 mbele na gari linaruka kama paka," swali la kwanza ni: gari gani?

5. Uzito hauhamishwi na resori

Hapa tumefika kwenye kiini. Muuzaji alimwambia yaya kwamba resori laini za mbele "zinarudisha uzito nyuma". Kauli hiyo imeenea sana, na kwa sehemu kubwa si kweli.

Gari linapoongeza kasi, uzito unaoondoka mbele kwenda nyuma hutegemea mambo manne: uzito wa gari, kiasi cha kuongeza kasi, kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini, na umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Tufanye hesabu kwa gari la kilo 1450 pamoja na dereva, linaloondoka kwa nguvu sawa na 0,8 ya mvutano wa dunia, kitovu cha uzito kikiwa nusu mita juu ya ardhi. Umbali kati ya magurudumu ya Mustang hiyo ni mita 2,55. Zidisha 1450 kwa 0,8 na kwa 0,5, kisha gawa kwa 2,55: unapata kilo 227. Msomaji ataona kwamba resori haimo kabisa katika hesabu hiyo. Weka resori za trekta au za kitanda, zitahama kilo zilezile 227.

Ndiyo hesabu waliyoijua Ramchargers. Hawakutegemea ulaini; walikiinua kitovu cha uzito.

Basi resori inafanya nini? Inaamua pua ya gari itapanda umbali gani, na kwa muda gani. Tuchukue resori tatu za mbele kwa gari hilohilo. Kila moja imebeba kilo 750 hivi, kwa sababu wenzo wa nusu huongeza mzigo mara mbili.

Resori A, kilo 9 kwa milimita: imefupika milimita 83 gari likiwa limesimama, wakati wa kuondoka pua hupanda milimita 51.

Resori B, kilo 7 kwa milimita: imefupika milimita 107, pua hupanda milimita 65.

Resori C, kilo 5 kwa milimita: imefupika milimita 150, pua hupanda milimita 91.

Angalia safu ya kufupika. Ili gari likae kwenye kimo kilekile, resori C lazima iwe ndefu mezani kuliko A kwa milimita 67. Ndiyo maana resori za dragi huuzwa zikiwa ndefu na zenye ulegevu kwa pamoja. Anayenunua zenye ulegevu bila kuuliza urefu ataliona gari lake limelala juu ya tairi.

Kupanda kwa pua kuna faida mbili. Ya kwanza ni ndogo: pua ikipanda sentimita nne zaidi, kitovu cha uzito kinapanda karibu sentimita mbili, na hesabu yetu inaongezeka kilo 9 tu. Ya pili ni ya muda. Mtu anayeruka juu huisukuma sakafu chini kabla miguu haijaondoka. Vivyo hivyo, mwili wa gari unaporushwa juu, tairi husukumwa chini zaidi kwa kitambo kifupi, na kitambo hicho ndicho cha mita 18 za kwanza. Resori ndefu yenye ulegevu ina nguvu nyingi iliyohifadhiwa na inaendelea kusukuma kwa safari ndefu zaidi. Lakini bwana wa muda ni amortiseri. Ikiwa amortiseri ya mbele inazuia kurefuka, resori yoyote itachelewa. Ndiyo maana wanadragi hutumia amortiseri za mbele zinazoitwa 90/10: hurefuka kwa urahisi, lakini hukinza sana kufupika, ili pua ikishapanda isishuke upesi.

6. Gurudumu la nyuma la kulia

Nyuma kuna tatizo jingine. Injini ya Mustang imekaa kwa urefu wa gari, na shafti inapozunguka huusokota mhimili wa nyuma: gurudumu la kushoto hubanwa chini, la kulia huinuliwa. Mwili wa gari nao husokotwa upande wa pili na kurudisha sehemu ya mzigo kulia, lakini sehemu hiyo hugawanywa kati ya resori za mbele na za nyuma. Mbele kukiwa na ukakamavu mwingi, sehemu kubwa inaishia huko, na tairi ya nyuma ya kulia inabaki nyepesi. Ndiyo inayoteleza kwanza.

Chrysler walilitatua tatizo hili kwenye magari yao ya mbio ya miaka ya 1960 kwa resori za mabamba zisizofanana: ya kulia ilitengenezwa tofauti na ya kushoto ili isukume zaidi. Kwenye Mustang watu huweka mfuko wa hewa ndani ya resori ya nyuma ya kulia na kuujaza kidogo kabla ya mbio. Ni kitu cha bei ndogo, kinafanya kazi, na jioni unautoa upepo na kurudi nyumbani.

Wengine huondoa kabisa fimbo ya mbele inayolizuia gari kulala kwenye kona, na kuweka fimbo nene nyuma. Kwa mbio hesabu yao ni sahihi: mbele ikilegea na nyuma ikikakamaa, mzigo unaorudi kulia huishia nyuma, panapohitajika. Tatizo linakuja nje ya uwanja.

7. Barabara inadai nini

Uwanja wa dragi hauna kona, hauna mashimo, na hauna mtoto anayevuka ghafla. Barabara ina vyote hivyo.

Tuanze na breki. Hesabu ya kilo 227 hufanya kazi kwa pande zote mbili. Dereva akifunga breki kwa nguvu ileile ya 0,8, kilo hizo huja mbele, na pua inashuka kadiri ilivyopanda, isipokuwa kidogo kinachozuiwa na mpangilio wa mikono. Resori C inaweza kuzamisha pua karibu milimita 90. Katika magari mengi hapo mpira wa kizuizi umeshaguswa, na tairi za mbele zinazohitaji kushika ardhi kwa utulivu zinapigwa kama nyundo.

Kisha kuna mtikisiko. Gari juu ya resori ni kama bembea: lina mapigo yake. Hesabu ya gari letu inatoa mapigo 1,22 kwa sekunde kwa resori A, 1,08 kwa B na 0,91 kwa C. Magari ya kawaida ya abiria huwa kati ya 1 na 1,5. Chini ya 1 gari huanza kuelea kama mtumbwi. Mtoto aliyekaa nyuma atatapika kabla hajafika shuleni, na dereva atachelewa kupata habari kutoka barabarani.

Zaidi ya yote kuna kona. Gari lisilo na fimbo ya mbele, lenye fimbo nene nyuma, hupeleka mzigo wa kona kwenye tairi ya nyuma ya nje. Kwenye lami kavu na mwendo wa pole hutaona kitu. Siku ya mvua, kwenye njia ya kutoka barabara kuu, mkia wa gari unaweza kutangulia mbele ya pua. Nilimwandikia yaya sentensi hiyo bila kuipamba, kwa sababu Jumatatu saa moja asubuhi nyuma ya kiti chake wanakaa watoto wawili.

Msomaji ataona sasa kwa nini washauri wake wawili walipingana bila yeyote kusema uongo. Muuzaji alikuwa anazungumzia sekunde mbili za kwanza za Jumamosi. Mwenzake wa kazini alikuwa anazungumzia wiki nzima. Kila mmoja alitumia neno moja kuficha swali: laini kwa kazi gani?

8. Utaratibu wa kuchagua

Kutokana na hayo niliandika kwa yaya utaratibu wa maswali. Nauweka hapa kwa sababu unafaa kwa gari lolote.

Kwanza, pima uzito wa gari gurudumu kwa gurudumu, likiwa na dereva na nusu tangi ya mafuta. Bila mzigo kujulikana, namba ya resori haina maana.

Pili, amua kimo cha kukaa. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, na uchunguze nafasi iliyobaki ya kupanda na kushuka. Resori iendayo na kimo cha chini sana hufa mapema kwenye vizuizi.

Tatu, tafuta wenzo wa gari lako mbele na nyuma, uzidishe kila mmoja wenyewe kwa wenyewe, kisha uzidishe na namba ya resori. Linganisha magurudumu, usilinganishe katalogi.

Nne, chagua ukakamavu kwa kazi inayochukua siku nyingi zaidi, halafu uisaidie kazi ya siku chache kwa vitu vinavyoweza kurekebishwa. Resori haibadiliki ukiwa njiani. Amortiseri yenye kitasa cha kurekebishia, mfuko wa hewa na upepo wa tairi hubadilika kwa dakika chache.

Tano, hapo tu ndipo uulize urefu wa mezani, na uhakikishe kwamba gari likiinuliwa na magurudumu kuning'inia, resori haichomoki kwenye kikalio chake. Resori iliyokatwa ovyo huchomoka hapo.

Sita, angalia kama resori ni ya ukakamavu mmoja au wa kuongezeka. Za kiwandani za Mustang V8 zilikuwa za kuongezeka, takriban pauni 425 hadi 530 mbele na 200 hadi 300 nyuma: huanza kwa upole na kukakamaa zinapobanwa. Kwa barabara hilo ni jema. Kwa mbio, mtu anayetaka kurekebisha gari lake kwa hesabu hupendelea namba moja isiyobadilika.

Yaya alichagua resori za mbele za pauni 400 hivi, yaani B yetu, zenye urefu wa kumpa kimo cha kiwandani. Nyuma alibaki na ukakamavu wa kiwandani katika resori mpya, akaongeza mfuko wa hewa upande wa kulia. Fimbo ya mbele hakuiondoa. Pesa zilizobaki zilikwenda kwenye amortiseri za kurekebishika: Jumamosi huzilegeza za mbele kwa upande wa kurefuka, na kabla ya kutoka uwanjani huzikaza. Pua ya gari lake hupanda sentimita sita na nusu badala ya tisa. Atashindwa na jirani mwenye gari la mbio tupu, lakini jirani huyo huja uwanjani na gari lake limebebwa juu ya trela.

9. Hitimisho

Mtu aweza kuuliza makala ya resori yanatafuta nini katika jarida la kitivo cha lugha. Jibu langu ni kwamba Kiswahili cha Katanga kilikua kati ya wafanyakazi wa migodi na wa reli, na tangu mwanzo kimekuwa lugha ya kazi. Mafundi wetu hujua kwa mikono tofauti kati ya resori fupi na resori iliyolegea. Wakisema zote ni "ngumu" au "laini", wenzao waliopo hapo huona kwa macho wanachomaanisha. Shida inaanza pale maneno yanapolazimika kusafiri peke yake, kwa simu au kwa maandishi, hadi kwa mtu asiyeiona resori yenyewe.

Hapo mfasiri ana kazi. "Ugumu" tuuachie chuma, "ukakamavu" tuupe resori, "urefu wa mezani" tuuandike kando, na fundi aliye karibu atusahihishe kama ana maneno bora. Ningefurahi wanafunzi wenzangu wakiingia garajini na daftari kukusanya maneno hayo, kwa sababu mengi hayamo katika kamusi yoyote niliyoifungua. Yaya wangu alituma pesa mara moja tu, na akapokea kitu alichokihitaji.